Kificho na Dungu: Kuamia Ndege Katika Shamba la Wazi

Mazungumzo ya Bwana Shamba kwa wakulima wa Maili Moja

 

Leo sikuja kuzungumza habari za mbolea wala za mbegu. Nimekuja kuzungumza juu ya mtu anayekaa shambani kutazama ndege. Kazi hii twaiita kuamia, na kwa kuwa ni kazi ya kukaa, watu wengi huidhani kuwa si kazi. Hupewa mtoto, au mzee asiyeweza tena kushika jembe, au huachiwa shati bovu lililovikwa juu ya mti. Kisha siku ya kuvuna, magunia yakipungua, lawama huiangukia mbegu, huiangukia mvua, na mara nyingine humwangukia Bwana Shamba.

Wengi wenu mnakaa hapa Maili Moja karibu na Barabara ya Morogoro, lakini mashamba yenu yako mbali. Wengine mwalima bondeni kwenye mto Ruvu, wengine Soga na Mlandizi, wengine upande wa Kisarawe. Kwa hiyo hamlali karibu na mazao yenu. Mkulima akifika shambani saa nne ya asubuhi, ndege wamekwisha kula na kuondoka. Huona shamba limetulia, akafikiri hakuna adui. Lakini ndege hula mara mbili kwa siku: tangu mapambazuko mpaka yapata saa tatu au saa nne, na tena tangu saa tisa alasiri mpaka jua linapokaribia kutua. Katikati, jua likiwa kali, hukaa kivulini. Basi saa ambazo mkulima yumo shambani ndizo saa ambazo ndege hayumo.

Kwanza hatuna budi kuwajua ndege wenyewe, maana si wote wa tabia moja. Wako hua, tetere, pugi na wenzao, jamii ya njiwa. Hawa ni ndege wa chini. Hua hawezi kuning'inia juu ya suke la mpunga, wala hafukui ardhi kwa miguu kama kuku. Huokota kilicho wazi: mpunga uliomwagwa ukaachwa juu ya udongo, mtama, ufuta, choroko, kunde, na hata yale majani mawili manene ya kwanza ya mche wa kunde uliochomoza jana. Kwa hiyo hasara ya hua huja mwanzoni mwa kilimo, wakati wa kupanda. Hurudi tena mwishoni kuokota punje zilizoanguka, na kula mpunga uliolala.

Wako tena kwelea kwelea na mnana, na vindege vingine vyenye mdomo mfupi mnene. Hawa hushika shina, hulipinda suke, huibana punje changa na kunyonya maziwa yake. Hasara yao huja mpunga au mtama ukiwa na maziwa. Ukilipita suke lililonyonywa utaliona limesimama wima, jeupe, nawe waweza kufurahi kwamba limekomaa, kumbe ni mapepe matupu.

Nawaeleza haya kwa sababu ndege wa namna mbili wataka mahali pa kukaa pa namna mbili. Kwa hua mlinzi ajifiche. Kwa kwelea mlinzi aonekane. Mimi mwenyewe sikulijua jambo hili nilipoanza kazi, na mtu mwingine ndiye aliyelipa gharama yake.

Mwaka 2008 nilikuwa kijana, sijamaliza miaka miwili tangu kutoka chuoni. Mkulima mmoja bondeni alipanda kunde na mpunga katika shamba la ekari mbili hivi, akaja kunilalamikia juu ya hua. Nikamshauri ajenge dungu refu katikati ya shamba, la nguzo nne, na juu yake bendera nyekundu. Lilikuwa dungu zuri. Alikaa juu yake siku nne akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Hua walikuwa wakimtazama. Akigeukia mashariki wao hutua magharibi. Akishuka kuwafukuza huruka kidogo, hutua ng'ambo ya pili, huendelea kula. Kunde zile hazikuota hata robo. Alinunua mbegu mara ya pili, nami niliona haya kupita njia ile.

Jirani yake alikuwa bibi mmoja mtu mzima sana. Yeye hakuwa na dungu. Chini ya mwembe uliokauka, mpakani mwa shamba lake, palikuwa na kitu kama lundo la matawi ambalo mtu amesahau kulichoma moto. Ndani yake alikaa yeye na kombeo. Kunde zake ziliota mstari kwa mstari. Nilipomuuliza, alinijibu hivi: "Bwana Shamba, juu ya dungu lako mtu amwona ndege, lakini ndege naye amwona mtu." Sikuwa na la kumjibu, na tangu siku ile nimejifunza kuamia kwa watu kama yeye zaidi ya nilivyojifunza darasani.

Maana ya maneno yake ni hii. Hua ana macho makali sana na si mjinga. Akimwona mtu hupima urefu wa mkono wake, yaani jiwe lake lafika wapi, kisha hula mbele ya hapo. Lakini jiwe likitoka mahali ambapo haoni mtu, hajui hatari iko wapi, na shamba zima humwia baya. Mwenye kuonekana huwahamisha hua kutoka pembe hii kwenda pembe ile. Mwenye kujificha huwafanya walihame shamba.

Basi, tuseme unataka kujenga kificho. Usianze kukata fito. Chukua asubuhi mbili, fika kabla ya jua, kaa mbali chini ya mti, utazame tu. Tazama wanatoka upande gani. Hua hawashuki moja kwa moja shambani. Karibu siku zote hutua kwanza juu ya mti mkavu au juu ya nguzo, wakatazama chini, ndipo wakashuka. Mti huo utafute, maana ndio mlango wao. Tazama tena wanakunywa wapi, kwa sababu ndege mwenye kula nafaka kavu hana budi kunywa maji kila siku, na njia ya baina ya maji na shamba huwa ni moja. Siku hizo mbili huonekana kuwa za bure. Lakini kificho kilichojengwa pasipofaa hakitasaidia hata ukikaa ndani yake mwezi mzima.

Jambo la pili ni upepo. Ndege hutua akiukabili upepo. Huko Uingereza wakulima husumbuliwa na njiwa pori wanaokula njegere na kabichi, nao hujenga kificho cha wavu wa rangi ya majani ukingoni mwa shamba, upepo ukiwa mgongoni mwao. Mbele ya kificho hupanga sanamu za njiwa zikiutazama upepo, ili njiwa wa kweli wadhani wenzao wanakula salama, waje wenyewe mpaka karibu na bunduki. Sisi hatutaki kuwaalika, na habari ya bunduki nitaisema baadaye. Lakini hilo la upepo ni kweli hapa kama ilivyo kule. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, hua anayetua huja akielekea kusini. Basi kificho kikae upande wa kusini wa mahali wanapotua, ili upepo uwe mgongoni mwako na ndege awe anakujia usoni, chini chini, na mwendo wake umepungua. Wakati wa kaskazi geuza. Na kwa vyovyote usikae ukitazama mashariki asubuhi. Jua litakupofusha, nawe utatupa jiwe kwa kukisia.

Kutoka kificho mpaka mahali wanapotua pawe hatua ishirini na tano au thelathini, kwa mtu mzima mwenye kombeo. Kwa manati, hatua kumi na tano. Mkiwa wageni wa kombeo jifunzeni nyumbani kwanza, kwenye kiwanja kitupu, mbali na watoto na madirisha.

Kificho chenyewe ni kazi ya saa mbili. Chimba mashimo manne, simamisha fito, upana futi nne na urefu wa kwenda nyuma futi sita. Kimo cha ukuta wa mbele na wa pembeni kiwe futi nne, yaani mtu akiketi juu ya kigoda asionekane, na akisimama mikono na kichwa viwe nje. Usiezeke sehemu ya mbele. Nimeona vificho vingi vizuri vyenye paa zima, na mwenye kuamia akitaka kuzungusha kombeo lapiga paa, ndege waenda zao wakicheka. Ezeka nusu ya nyuma tu kwa ajili ya jua na mvua. Ukuta wa nyuma uwe mnene kuliko wa mbele. Wengi hawalifikiri hili: mwanga ukipita nyuma yako, kichwa chako huonekana kama chungu kilichowekwa mbele ya dirisha.

Funika kuta kwa matawi na nyasi za papo hapo. Mahali pasipo na minazi usilete makuti, maana hua hulijua shamba lake kuliko unavyodhani, nacho kitu kigeni hukizunguka siku nyingi. Matawi yakinyauka na kugeuka rangi, yabadilishe, yapata kila siku ya tatu. Ukimaliza kujenga, kiache kificho siku mbili au tatu bila ya mtu ndani, ili wakizoee. Ikiwezekana jenga viwili na uwe unabadilisha, leo hiki kesho kile.

Mwenye kukaa ndani aingie kungali giza. Asivae shati jeupe wala kanga ya rangi kali. Asivute sigara, na simu aizime mlio. Hua wakianza kushuka asisimame kwa yule wa kwanza, bali angoje watatu au wanne wawe chini chini karibu na ardhi. Ndipo asimame kwa ghafula, atupe na kupiga ukelele mmoja. Kisha aketi tena. Asitoke nje kuwafukuza, hata moyo ukimsukuma namna gani, kwa maana akitoka mara moja tu siri imekwisha.

Juu ya vitu vya kutupa, nawaombeni msitumie mawe. Jiwe hubaki shambani, nalo ni adui wa jembe wakati wa palizi, na lile dogo lililochanganyika na mpunga ni adui wa meno. Finyangeni vidonge vya udongo ukubwa wa limau dogo, vikaushwe juani siku mbili. Hulia vikipita hewani, na vikianguka huvunjika vikarudi kuwa udongo. Watoto hupenda kuvifinyanga jioni, kapu zima kwa mazungumzo ya usiku mmoja.

Kificho cha hua hakitakiwi muda mrefu. Kunde huhitaji ulinzi tangu siku ya kupanda mpaka mche utoe majani yake ya kweli, yapata siku kumi. Mpunga wa kumwaga huhitaji majuma mawili hivi. Lakini kumbuka nililosema, kwamba hua hafukui. Mbegu iliyofunikwa vizuri kwa udongo imekwisha kujificha yenyewe, na mkulima anayemwaga mbegu juu juu kisha akajenga kificho anafanya kazi mara mbili. Funika mbegu kwanza.

Sasa tuje kwenye dungu. Hili ni la wakati wa maziwa. Mpunga tangu kuchanua mpaka kuvunwa huchukua siku thelathini hivi, na maziwa huanza kujaa yapata juma moja baada ya maua. Mbegu kama SARO 5, ambayo hukomaa kwa siku 120 hivi, mwaweza kuihesabia tangu siku ya kusia: siku ya tisini dungu liwe limesimama na kamba zimefungwa. Usingoje kuwaona kwelea ndipo utafute nguzo. Kundi lililokwisha kuonja maziwa ya shamba lako litarudi kesho, na kulizuia ni kazi kubwa mara tatu kuliko kulizuia lisitue mara ya kwanza.

Kwa sababu hiyo dungu halikai katikati. Likae upande ambao ndege huingilia, karibu na mpaka, ili wageuzwe kabla ya kutua. Tafuta nguzo nne zenye panda, unene kama paja la mtu, zifukie futi mbili chini na kuzishindilia. Ncha zinazoingia ardhini zichome moto kidogo kwa ajili ya mchwa. Jukwaa liwe na kimo cha futi saba au nane, upana futi tano kwa tano, la fito zilizofungwa kwa ukambaa mpya. Nasema mpya, maana naijua tabia ya kutumia kamba ya mwaka jana. Juu ezeka makuti, chini weka ngazi imara. Kila asubuhi kabla ya kupanda, shika kila nguzo uitikise. Mvua yenye radi ikija shuka, nenda nyumbani. Wakati huo ndege nao hawali.

Hapa hatujifichi. Vaa hata shati jekundu. Kwelea huja kwa kundi, na kundi huongozwa na wale wa mbele. Ukiwatia hofu hao, wote hugeuka kama kitambaa kimoja. Sauti ya mtu peke yake haitoshi. Kutoka dunguni vuta kamba nne kwenda pembe nne za shamba, zipite juu ya vijiti vyenye panda, kijiti kila baada ya hatua kumi, kimo kuzidi kidogo masuke. Kwenye kamba ning'iniza vikopo viwili viwili vyenye kokoto ndani na vipande vya plastiki vinavyong'aa. Ukivuta kamba moja pale ulipo, mstari mzima hulia na kuruka. Usivute zote pamoja wala usivute kwa zamu ile ile kila mara. Sauti inayokuja kila dakika ndege huizoea kama sisi tulivyozoea magari ya barabarani. Lile shati bovu juu ya mti nalo latisha siku mbili tatu, kisha nimeona mnana akitua begani mwake.

Palizi nayo ni sehemu ya kuamia, ingawa hamwezi kuiona hivyo. Kwelea chakula chake cha asili ni mbegu za majani ya porini. Shamba lenye magugu yaliyotoa mbegu humwalika, akimaliza magugu huuona mpunga. Tena, mkipanda pamoja bonde zima, ndege hugawanyika. Anayetangulia peke yake kwa majuma matatu huwalisha ndege wote wa bonde, na anayechelewa peke yake vile vile.

Sasa habari ya bunduki, maana najua kuna atakayeniuliza. Kumfukuza ndege shambani mwako hakuna atakayekukataza. Kumwinda ni jambo jingine. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yataka kibali. Silaha nayo ina sheria yake ya mwaka 2015, na gobore la kurithi lisiloandikishwa ni kosa hata kama halijalia. Mwenye leseni kamili naye akumbuke kwamba Kibaha si ile ya zamani. Mlikoona pori sasa kuna nyumba, na nyuma ya mkorosho kuna mtu anachuma korosho. Ndege anaposhuka chini chini, ambapo ndipo mnaweza kumpata, ndipo risasi za marisau huenda kwenye kimo cha mtu. Mimi sijaona shamba la ekari mbili ambalo bunduki imefanya kazi ambayo kombeo halikuweza.

Sumu nasema wazi: msitie. Wako wanaochanganya nafaka na dawa ya wadudu na kuimwaga mpakani. Hua aliyekula hafi papo hapo. Huruka, huanguka karibu na kisima au njiani, huokotwa na mtoto, huchomwa na kuliwa. Kuku wenu nao hupita hapo. Bundi na mwewe wanaokula panya wa mashamba yenu hufa kwa kumla aliyekufa. Ulimbo nao siupendi, kwa kuwa haumchagui mwenye hatia.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niombe kuzungumza nanyi.

Mwaka 2019 nilipita bondeni saa mbili ya asubuhi, nikamkuta mtoto wa kike juu ya dungu. Sare yake ya shule ilikuwa imetundikwa juu ya nguzo, imekunjwa vizuri isipate umande. Nikamuuliza, "Huendi shule?" Akanijibu kwamba huenda ndege wakimaliza. Lakini ndege humaliza saa nne, na shuleni wakati huo masomo yamekwenda mbali. Alikuwa amefanya hivyo majuma matatu. Nilimtafuta baba yake, naye hakuwa mtu mbaya. Aliniambia, "Bwana Shamba, nikimtoa pale hatutakuwa na mpunga, na tusipokuwa na mpunga sare yenyewe sitainunua." Maneno yake yalikuwa ya kweli. Ndege na mwalimu waanza kazi saa moja, na mtoto ni mmoja.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamtaka mzazi ampeleke mtoto shule, nami ningeweza kumsomea sheria ile nikaenda zangu. Lakini sheria haifukuzi kwelea. Tuliketi na jirani zake watatu tukapiga hesabu, na hesabu hiyo nataka mwichukue.

Kila mmoja wao alikuwa na jaruba zake zimepakana na za mwenziwe, na kila mmoja alikuwa na dungu lake. Siku thelathini, asubuhi na jioni, ni zamu sitini kwa kila nyumba. Hakuna mtu mzima awezaye kuketi zamu sitini na kufanya kazi nyingine. Ndiyo maana mtoto hupelekwa. Lakini mashamba yale manne, kwa jinsi ndege walivyokuwa wakiingia, yalihitaji madungu mawili tu, moja upande wa mto na moja upande wa matete. Madungu mawili ni zamu mia na ishirini. Gawanya kwa nyumba nne, kila nyumba hupata zamu thelathini, yaani moja kwa siku. Zamu moja kwa siku baba na mama waweza kugawana. Wakakubaliana kwamba zamu za asubuhi ni za watu wazima peke yao. Jioni, mtoto aliyekwisha kutoka shuleni aweza kufuatana na mzazi wake, asiachwe juu ya dungu peke yake.

Haikuwa rahisi. Juma la kwanza mmoja alichelewa, na kwelea wakala pembe ya jirani yake, si pembe yake mwenyewe. Palikuwa na maneno makali. Wakaongeza sharti: atakayekosa zamu bila ya kutoa habari alipe debe moja la mpunga wakati wa kuvuna. Debe hilo halikulipwa na mtu hata mmoja. Yule mtoto alirudi darasani, na sikuambiwa na yeyote kati ya wale wanne kwamba mavuno yake yalipungua.

Msipokuwa na jirani mnaosikilizana nao, anzeni na mmoja. Nyumba mbili zenye dungu moja tayari zimepunguza zamu nusu.

Limebaki neno moja juu ya makundi makubwa. Kwelea mmoja hula nafaka gramu 10 hivi kwa siku. Laki moja hula tani nzima kila siku, na kundi la laki moja si kubwa kwa kwelea. Kundi kama hilo halizuiwi na vikopo wala kombeo. Mkiona jioni ndege wengi kama moshi wakielekea mahali pamoja, penye matete au miiba, wafuateni kwa macho mpaka mjue wanalala wapi, kisha leteni habari kwa afisa kilimo wa kata siku ile ile. Wataalamu wa serikali, pamoja na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, huwashambulia penye malalo yao, na ndege ya kunyunyiza dawa haiwezi kufanya kazi bila ya kujua malalo yako wapi. Mkiambiwa kwamba dawa imenyunyizwa, msiokote ndege waliokufa, wala kuwala, wala kuwauza. Huko Kondoa watu huwanasa kwelea kwa mitego ya vikapu na kuwafanya kitoweo. Hao hawana dawa. Msichanganye mambo hayo mawili.

Maswali nitayapokea sasa. Jumamosi saa kumi na mbili ya asubuhi tutakutana bondeni tujenge kificho kimoja na dungu moja kwa mfano. Mwenye panga aje nalo. Fito ishirini na nguzo nne zimekwisha kukatwa. Ukambaa mpya nitaleta mimi. Nanyi leteni vikopo, na udongo wa mfinyanzi kidogo. Wasiokuwa na kombeo watafundishwa kulisuka pale pale. Na yule bibi wa mwembe mkavu, kama miguu itamruhusu, ameahidi kuja kutusahihisha.